Kupoza Kompyuta ya Michezo kwa Maji: Joto Linakwenda Wapi, na Fedha Inakwenda Wapi

Anayekusanya vipuri vya kompyuta ya michezo ili aiunde nyumbani hufika mahali orodha yake inapokwama kwenye kipuri kisichoongeza kasi wala kumbukumbu, nacho ni kipoza prosesa, yaani kifaa cha kuondoa joto kwenye chipu kuu ya kompyuta. Upande mmoja kuna mnara wa mapezi ya alumini wenye feni mbili, ambao huko Marekani hupatikana kwa dola 35 au 40. Upande wa pili kuna kifaa cha maji chenye pampu, mipira miwili na rejeta ya feni tatu, ambacho kwa kawaida ni ghali zaidi, na bei yake hupanda hadi kupita dola 250 kikiwa na taa za rangi na kioo cha kuonyesha picha. Muuzaji husifu cha pili, na mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa, ambaye chumba chake mchana wa mwezi Februari huzidi nyuzi 31 za Selsiasi, huona sifa hizo zina mantiki, kwa kuwa kwenye joto kali maji hayawezi kukosa kusaidia. Kwa watu wengi hesabu hiyo haitoki hivyo, ingawa wapo wachache ambao maji yanawafaa kwelikweli, na kuwatenganisha kunahitaji kwanza kulifuata joto lenyewe linakotoka na linakoishia.

Maji hayaui joto. Umeme wote unaoingia kwenye prosesa hugeuka joto, kwa hiyo prosesa inayokula wati 120 hutoa wati 120 za joto, na joto hilo halina pa kwenda isipokuwa kwenye hewa ya chumba. Kazi ya kipoza ni kulisafirisha tu, kutoka kwenye kipande cha silikoni kisichofika milimita 300 za mraba, kupitia kifuniko cha chuma na pesti ya kupitisha joto, hadi kwenye mapezi membamba ya alumini yanayopulizwa na feni. Mwenye gari anaujua mpango huu: maji huzunguka kwenye injini, lakini kinachoipoza hatimaye ni upepo unaopita kwenye rejeta, na rejeta iliyozibwa na tope itachemsha injini hata kama maji yamejaa tele.

Hoja inayotajwa sana kuyatetea maji ni kwamba lita moja ya maji, kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, hubeba joto karibu mara 3,400 zaidi ya lita moja ya hewa. Takwimu hiyo ni sahihi, ila haijibu swali lililoulizwa, kwa sababu hicho kinachoitwa kipoza cha hewa hakitumii hewa kulitoa joto kwenye prosesa. Ndani ya mnara mna mirija ya shaba, minne, sita au minane, iliyofyonzwa hewa na kutiwa maji kidogo sana. Maji hayo hugeuka mvuke kwenye ncha inayogusa kitako cha kipoza, mvuke hukimbilia kwenye mapezi, ukapoa na kuwa maji tena, kisha maji yakarudi yenyewe kupitia utando wenye vinyweleo ulio kwenye ukuta wa ndani wa mrija. Hakuna pampu, na hakuna kinachosogea isipokuwa hayo maji yenyewe. Mrija wa namna hii ulionyeshwa ukifanya kazi mwaka 1963 na George Grover wa maabara ya Los Alamos huko Marekani, na leo umo katika karibu kila kompyuta ya mapajani. Kwa hiyo vipoza vyote viwili hutumia maji, na wanaobishana kuhusu maji na hewa wanabishana juu ya jambo ambalo halipo. Tofauti ya kweli iko kwenye mapezi: yana ukubwa gani, na yamekaa wapi.

Hapo ndipo rejeta inapopata alama zake. Mnara umesimama katikati ya kasha, ukivuta hewa ambayo kadi ya grafiksi, ile inayochora picha za mchezo, imekwisha kuipasha, ilhali rejeta ya milimita 360 hufungwa kwenye ukuta wa kasha, ina eneo kubwa la mapezi, na inaweza kuvuta hewa ya nje moja kwa moja au kuitoa nje bila kuizungusha ndani. Tena maji huchelewa kupata moto. Prosesa ikishtuka kwa sekunde kumi, kama inavyotokea mchezo unapopakia eneo jipya, maji hulimeza joto hilo bila feni kuongeza mwendo, na mchezaji hapati ule mlio wa feni unaopanda na kushuka. Lakini faida hii ya pili ina mwisho. Mzigo ukiendelea, maji hupanda joto taratibu kwa dakika 20 au 30 hadi yanapotulia, na kuanzia hapo kifaa hakina akiba tena, kinategemea mapezi na feni kama kipoza kingine chochote. Vipimo vya dakika tano ambavyo watu huvirekodi na kuvisambaza huupendelea upande wa maji kwa sababu hii, hata pale aliyepima hakuwa na nia ya kudanganya.

Sasa turudi kwenye joto la pwani. Kipoza cha kawaida, kiwe cha maji au cha hewa, hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba ilimo. Kinachoweza kufanya ni kupunguza pengo kati ya joto la prosesa na joto la chumba, na pengo hilo, mzigo ukiwa uleule na feni zikienda mwendo uleule, hubaki karibu lilelile popote kompyuta ilipo. Prosesa iliyopimwa nyuzi 68 katika chumba cha Ulaya chenye nyuzi 21 itakaribia 79 katika chumba cha Kariakoo chenye nyuzi 32. Zile nyuzi 11 za nyongeza hulipwa na kipoza cha maji sawasawa na kinavyolipa kipoza cha hewa. Hali ya hewa ya pwani haiongezi ubora wa maji juu ya mnara. Inachofanya ni kusogeza vyote viwili karibu na ukomo wa joto wa prosesa, yaani nyuzi ambazo ikizigusa hupunguza kasi yenyewe. Ikiwa nafasi iliyobaki chini ya ukomo huo ni kubwa, hakuna lililoharibika. Ikiwa ni ndogo, kama ilivyo kwa prosesa zinazokula umeme mwingi, ndipo nyuzi tano au sita ambazo rejeta kubwa inaweza kuokoa zinapoanza kuwa na thamani. Nairobi ina hesabu yake: jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya sita, na kila mzunguko wa feni husukuma hewa pungufu kwa uzito. Hata hivyo hewa hiyo huingia ikiwa ya baridi zaidi, kwa hiyo mkazi wa Nairobi bado ana unafuu kuliko wa Mombasa. Tena wepesi huo wa hewa huiathiri rejeta kama unavyouathiri mnara.

Swali linalofuata, ambalo wauzaji huliruka, ni kompyuta ya michezo hutoa joto kiasi gani, na linatoka wapi. Chukua Ryzen 7 7800X3D, prosesa iliyotoka Aprili 2023 na kupendwa sana na wachezaji. Imeandikwa wati 120, lakini ikicheza michezo kwa kawaida haifiki hata 80, na ukomo wake wa joto ni nyuzi 89. Mnara wa dola 35 unaiweza bila shida, Dar es Salaam ikiwemo. Ryzen 5 7600 imeandikwa wati 65, na kuiwekea rejeta ya feni tatu ni kutupa fedha. Mwisho wa pili wa mstari kuna Core i9-14900K ya Oktoba 2023, ambayo mtengenezaji wake, Intel, ameiruhusu kufika wati 253, na bodi mama (ubao mkuu unaounganisha vipuri) zikiilegezea mipaka hupita hapo. Hata hiyo, hata hivyo, hufika wati hizo inapochakata video au kutengeneza picha za pande tatu kwa saa nzima huku viini vyake vyote, yaani sehemu zake za kukokotoa, vikifanya kazi. Michezo mingi haiifikishi hapo.

Nyuzi 95 kwenye kioo huwatisha watu kuliko zinavyostahili. AMD, kampuni inayotengeneza Ryzen, ilipotoa kizazi cha Ryzen 7000 ilisema wazi kwamba nyuzi 95 ni joto ambalo prosesa hizo zimeundwa kulifikia chini ya mzigo mzito, kwa kuwa hujiongezea kasi hadi zigonge ukomo wa joto au wa umeme. Prosesa ya kisasa ikigusa ukomo hupunguza kasi yenyewe, na ikizidiwa kabisa hujizima. Nayo mikwamo ya prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14, iliyozungumzwa sana mwaka 2024, iliwafanya wengi wafikiri dawa ni kipoza kikubwa zaidi. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu ya ndani ya prosesa mwezi Agosti mwaka huo ili kudhibiti volteji, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Tiba ilikuwa kwenye umeme, na hakuna rejeta ambayo ingeileta.

Joto kubwa la mchezaji halitoki kwenye prosesa. Linatoka kwenye kadi ya grafiksi, ambayo hata RTX 4060, kadi ya wenye bajeti ndogo, hula wati 115, RTX 4070 hula 200, na RTX 5090 ya Januari 2025 imepewa 575. Kifaa cha maji kinachouzwa madukani kwa ajili ya prosesa hakiigusi kadi hata kidogo. Mtu anaweza kulipa dola 150 ili prosesa yake ishuke kutoka nyuzi 72 hadi 66, huku kadi iliyo chini yake ikiunguruma kwenye 80 kama kawaida. Na kama rejeta ameifunga mbele ya kasha ikipuliza ndani, kadi sasa inavuta hewa iliyopashwa na prosesa. Akiihamishia juu itoe hewa nje, rejeta inapokea joto la kadi. Ipo njia ya kupunguza hasara, lakini hakuna ya kuikwepa kabisa. Idadi ya fremu, yaani picha, kwa sekunde, ambayo ndiyo iliyompeleka dukani, hubaki ileile kwa kiasi ambacho jicho halitambui tofauti, kwa sababu prosesa yenye nyuzi 72 haikuwa imepunguza kasi hata kidogo.

Maji hulipa katika mazingira machache yanayotambulika. La kwanza ni la yule ambaye kompyuta yake ni ya michezo usiku lakini mchana ni ya kazi, anayehariri video au kuchora majengo kwa prosesa yenye njaa ya umeme katika chumba kisicho na kiyoyozi. Huyu ana mzigo mrefu, pengo dogo chini ya ukomo, na kila nyuzi inayookolewa ni muda wa kazi unaopungua. La pili ni la kasha dogo ambalo mnara wa sentimita 15 au 16 hauingii, ila rejeta ya feni mbili inaingia. La tatu halitajwi sana, nalo ni safari. Mnara mkubwa kama Noctua NH-D15 una kilo 1.3 pamoja na feni zake, na uzito huo wote unaning'inia kwenye bodi mama. Kompyuta iliyoundwa Dar es Salaam ikapakiwa kwenye basi la Sumbawanga ni heri ifunguliwe mnara kwanza, wakati kifaa cha maji huiwekea bodi uzito wa pampu tu na rejeta hushikwa na chuma cha kasha. Na la nne ni kadi kubwa ya grafiksi yenye kizuizi chake cha maji, yaani kitako kinachopitishiwa maji juu ya silikoni yake. Kadi ndiyo yenye joto jingi, silikoni yake haina kifuniko, na kwenye wati 400 au 500 kushuka kwa nyuzi 15 na zaidi si ajabu, tena kwa ukimya ambao feni za kadi haziwezi kuutoa. Ninavyoona mimi, kama kuna mahali maji yanastahili kuwekwa kwenye kompyuta ya michezo ni hapo, na ni jambo la kushangaza kidogo kwamba soko limeyaelekeza kwenye prosesa.

Gharama ya maji haiishii dukani. Pampu ni mota inayozunguka kila dakika kompyuta ikiwa imewashwa, na siku ikifa, maji yaliyosimama hayahamishi joto la maana. Prosesa hugonga ukomo ndani ya muda mfupi na kompyuta haitumiki hadi kifaa kizima kibadilishwe. Feni ya mnara ikifa, mapezi na mirija huendelea kufanya kazi kwa upungufu, na mtu huweka feni nyingine kwa bei ya feni. Maji pia hupotea bila kuvuja, kwa kupenya polepole mno katika kuta za mipira, na kadiri yanavyokuwa moto ndivyo yanavyopenya haraka. Baada ya miaka kadhaa viputo vya hewa huanza kusikika kwenye pampu. Kuna na kemia: kitako cha kifaa ni shaba, rejeta kwa kawaida ni alumini, na metali hizo mbili zikikutana majini alumini huliwa. Watengenezaji hutia dawa ya kuzuia kutu, nayo haidumu milele. Mwaka 2022 kampuni ya Arctic iliwatangazia wateja wa kifaa chake cha maji, Liquid Freezer II, kwamba gasketi za baadhi ya vifaa hivyo zilikuwa na kasoro, ikawapelekea bure vipuri vya kurekebisha. Apple nayo iliuza Power Mac G5 yenye kupozwa kwa kimiminika kuanzia mwaka 2004, na baadhi ya kompyuta hizo zilikuja kuvuja na kuharibu vipuri vilivyokuwa chini. Vifaa vya sasa vilivyofungwa kiwandani havivuji mara kwa mara, na vingi huja na dhamana ya miaka mitano au sita. Ila dhamana inayomtaka mteja wa Mwanza arudishe kifaa cha kilo mbili Ulaya au Asia kwa gharama yake ni dhamana ya kwenye karatasi.

Hofu moja ya watu wa pwani inaweza kuondolewa hapa: umande. Unyevu wa hewa ya Dar es Salaam ni mkubwa, na wapo wanaodhani mipira ya maji itatoa jasho juu ya bodi mama. Umande hushika kitu kilicho baridi kuliko hewa inayokizunguka, na maji ya kipoza cha kawaida huwa na joto kuliko chumba wakati wote. Wanaopaswa kuuogopa ni wale wanaounganisha mitambo ya jokofu ili kushuka chini ya joto la chumba, na hao kwa jiji kama hilo wangeukuta umande kwenye nyuzi 24 au 25. Umeme ukikatika ghafla pia hakuna dhara kwa upande wa kupoza, kwa kuwa pampu na chanzo cha joto huzimika kwa pamoja. Madhara ya umeme yako kwenye kupanda na kushuka kwa volteji, na tofauti ya dola 100 kati ya mnara na kifaa cha maji ingelipia sehemu kubwa ya yuupiesi nzuri (kifaa chenye betri cha kulinda kompyuta dhidi ya umeme mbovu), ambayo kwa kompyuta ya nyumbani ya Afrika Mashariki naiweka mbele ya kipoza chochote.

Mifumo ya kujiundia, yenye mirija ya kioo, tangi na maji ya rangi, siichambui sana. Hupita dola 500 bila jitihada, maji hubadilishwa karibu kila mwaka, na anayechanganya rejeta ya alumini na vizuizi vya shaba hujitengenezea kutu mwenyewe. Ni ufundi unaopendeza macho, na anayeupenda asitafute fremu za kuutetea.

Kabla ya kununua chochote, kuna hatua za bei ndogo zinazoshusha joto kuliko watu wanavyodhani. Kasha lenye kioo kitupu mbele huikosesha hewa kompyuta nzima, na kulibadilisha kwa lenye wavu husaidia prosesa na kadi kwa pamoja. Vumbi huziba mapezi, na hewa ya chumvi karibu na bahari huwahi kuyala, kwa hiyo kusafisha kila baada ya miezi michache si hiari. Pesti iliyokauka ikibadilishwa hurudisha nyuzi kadhaa. Kubwa kuliko yote ni kupunguza umeme kwenye mipangilio: Core i9-14900K ikibanwa wati 125 hupoteza kidogo sana kwenye michezo, prosesa za Ryzen zina hali ya kubana matumizi inayowashwa kwa kubofya mara chache, na kadi ya grafiksi ikiwekewa asilimia 80 ya umeme wake hupoteza fremu chache tu. Hatua hii ya mwisho ndiyo pekee inayopunguza joto lenyewe badala ya kulihamisha, na hilo lina uzito kwa anayelala katika chumba hichohicho. Kompyuta ya wati 500 ni hita ya wati 500. Kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 huondoa takriban wati 2,600, na karibu moja ya tano ya nguvu hiyo inaishia kupambana na mchezo.

Aliyekwisha kuamua kununua kifaa cha maji aifunge rejeta juu ya kasha ikitoa hewa nje, au mbele mradi sehemu yake ya juu kabisa iwe juu ya pampu, kwa sababu hewa inayojikusanya ndani hupanda hadi mahali pa juu zaidi na pampu haipaswi kuwa mahali hapo. Pampu iachwe iende mwendo wake kamili, feni ndizo zipunguzwe. Joto likipanda ghafla wakati kompyuta haina kazi yoyote, na mpira mmoja ukiwa moto huku mwingine ni baridi, maji hayazunguki tena. Na kwa anayewinda vipuri vilivyotumika, kifaa cha maji cha miaka minne kwa nusu bei si nafuu, kwa kuwa umri uliobaki wa pampu na kiasi cha maji kilichomo haviwezi kuonekana kwa macho. Mnara wa umri huohuo ukifutwa vumbi, ukawekewa pesti mpya, hupoza kama ulivyopoza mwaka wa kwanza, ilimradi muuzaji hajapoteza skrubu na vyuma vya kuufungia.